Mkono Mtupu Haulambwi: Takrima Isiyo Peremende katika Usiku wa Halloween

Utangulizi

Kila mwaka, jioni ya tarehe 31 Oktoba, watoto katika vitongoji vingi vya Marekani na Kanada huvaa maleba, hushika ndoo au mifuko, na kupita mlango hadi mlango. Mmoja huja kwa sura ya mzuka, mwingine kwa sura ya popo, wa tatu amejitanda joho jeusi la mchawi linaloburura chini. Hubisha, mlango hufunguliwa, nao hutamka kwa pamoja fomyula fupi ambayo kwa Kiswahili yaweza kufasiriwa kama 'takrima au hila': ama mwenye nyumba awakirimu, ama atendewe hila. Mwenye nyumba hucheka, huyasifu maleba, kisha hutia kitu katika kila ndoo. Kwa zaidi ya nusu karne sasa kitu hicho, aghalabu, kimekuwa peremende.

Hata hivyo, kuna mtoto anayesimama katika mlango uo huo, akatamka maneno yayo hayo na kutiliwa kitu kicho hicho, kisha akarejea nyumbani na ndoo iliyojaa vitu ambavyo hawezi kuvila. Huyu ni mtoto ambaye kipande kidogo cha njugu au tone la maziwa laweza kumbana pumzi. Kwa ajili ya mtoto huyu na wenzake, kumezuka katika miaka ya karibuni desturi ya kutoa takrima isiyo peremende: penseli, vibandiko, bangili zinazong'aa gizani, vitabu vidogo na mengineyo. Wapo wanaoipokea desturi hii kwa furaha, na wapo wanaoiona kuwa ni kuinyima sikukuu kiini chake.

Makala haya yanadhamiria kueleza takrima hiyo ni nini, imetoka wapi, na hutolewaje ipasavyo. Hoja kuu ni kwamba peremende si kiini cha mila hii. Kiini chake ni tendo la kuufungua mlango na kumtambua aliye nje. Kwa hiyo, anayempa mtoto penseli badala ya peremende haivunji mila. Anairejesha karibu na asili yake.

Hodi, Ombi na Kitisho

Ni vyema kuanza na maneno yenyewe, kwani ndiyo yanayolitambulisha tendo. Katika mazoea ya Waswahili, anayefika mlangoni hupiga hodi na kungoja akaribishwe. Hodi haina kitisho wala haidai malipo. Fomyula ya watoto wa Halloween, kwa upande mwingine, hubeba majukumu matatu kwa pamoja: inabisha hodi, inaomba, na inatishia. Sehemu ya tatu ilikuwa na uzito wa kweli hapo zamani. Taarifa iliyochapishwa mwaka 1927 kutoka kijiji cha Blackie, jimboni Alberta, Kanada, ambayo ni miongoni mwa kumbukumbu za mapema za fomyula hiyo katika maandishi, inawasimulia vijana waliodai chakula milangoni na kuyahamisha magurudumu ya mikokoteni na malango ya watu hadi barabarani. Leo kitisho hicho kimebaki kuwa gamba tu. Hakuna mwenye nyumba anayeogopa lango lake kung'olewa na mtoto wa miaka sita aliyevaa mbawa za kipepeo.

Uteuzi wa neno 'takrima' katika tafsiri hii unahitaji kutetewa. 'Zawadi' ingefaa, lakini zawadi yaweza kutolewa mahali popote na kwa sababu yoyote. 'Sadaka' ingeleta maana ya ibada na ya uhitaji wa mpokeaji. Takrima ni ukarimu anaotendewa mgeni na mwenyeji, na ndilo tendo linalofanyika mlangoni. Ni kweli kwamba neno hili limewahi kuchafuka. Nchini Tanzania lilihusishwa na vitu ambavyo wagombea waliwapa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu vya sheria vilivyoiruhusu takrima hiyo mwaka 2006. Hata hivyo, kuchafuka huko hakuliondolei neno maana yake ya msingi.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba fomyula haitaji peremende. Inataja ukarimu, na kumwachia mwenyeji achague namna ya kukirimu. Pengo hilo limejazwa na vitu tofauti katika vipindi tofauti, kama sehemu inayofuata itakavyoonyesha.

Usuli: Kabla ya Peremende

Jina Halloween linatokana na mkesha wa sikukuu ya Kikristo ya Watakatifu Wote, ambayo huadhimishwa tarehe 1 Novemba na kufuatwa na siku ya kuwaombea marehemu, tarehe 2 Novemba. Majira hayo yanakutana pia na Samhain, sikukuu ya kale ya Waselti wa Ayalandi na Uskoti iliyoashiria mwisho wa mavuno na mwanzo wa kipupwe.

Katika Uingereza ya Zama za Kati, maskini na watoto walipita nyumba hadi nyumba katika siku hizo wakiomba vikate vidogo vya duara. Vikate hivyo viliitwa kwa jina la roho, kwa sababu kila aliyepokea alitarajiwa kuziombea roho za marehemu wa nyumba ile. Desturi hiyo ilijulikana kiasi kwamba Shakespeare aliitaja kwa mzaha katika tamthilia yake The Two Gentlemen of Verona, ambapo sauti ya kijana aliyelemewa na mapenzi inafananishwa na ya mwombaji wa sikukuu hiyo. Msomaji wa Kiswahili aliyekutana na Shakespeare kupitia tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, hatashangaa kuona kwamba mwandishi huyo hakuacha kuwatazama watu wa mlangoni.

Huko Uskoti desturi ilichukua sura nyingine. Watoto walijigeuza sura kwa nguo kuukuu na masizi, wakabeba taa zilizochongwa kutokana na mboga ya mzizi iitwayo tanipu, na kwenda milangoni kutumbuiza. Hawakupewa kitu kabla ya kuimba wimbo, kughani shairi au kutoa kichekesho. Walipomaliza, walituzwa tofaa, njugu, keki au sarafu.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atavitambua vipengele vyote hapa. Pana fanani, naye ni mtoto. Pana hadhira, nayo ni watu wa nyumba. Pana maleba, pana mandhari maalumu ambayo ni kizingiti cha mlango, na pana wakati maalumu ambao ni usiku mmoja katika mwaka. Takrima, katika muktadha huo, ni tuzo ya utendaji. Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss, katika utafiti wake maarufu wa mwaka 1925 kuhusu utoaji, alieleza kwamba zawadi katika jamii nyingi huambatana na wajibu wa aina tatu: wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Nchini Uingereza mtoto alirudisha dua. Nchini Uskoti alirudisha sanaa. Wahenga wa Kiswahili walilieleza jambo hilo kwa ufupi waliposema mkono mtupu haulambwi.

Kwa hiyo, tukiorodhesha takrima za enzi hizo, tutapata vikate, tofaa, njugu na fedha. Baadhi ni vyakula na baadhi si vyakula. Peremende iliyofungwa kiwandani haimo.

Jinsi Peremende Ilivyoitwaa Ndoo

Wahamiaji wa Kiayalandi na Kiskoti waliibeba desturi hii hadi Amerika ya Kaskazini katika karne ya 19. Huko, tanipu ilibadilishwa na boga, ambalo ni kubwa na rahisi kuchonga. Kufikia miaka ya 1920 na 1930, usiku huo ulikuwa umegeuka kuwa wa uharibifu katika miji mingi: madirisha yalivunjwa, ua zilibomolewa na mioto kuwashwa. Viongozi wa miji na wazazi waliona kwamba ni nafuu kumkirimu kijana kuliko kukarabati ua. Mjini Des Moines, jimboni Iowa, utaratibu rasmi wa watoto kupita milangoni ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa nia ya kuuzima uharibifu huo. Hadi leo watoto wa huko, kama wenzao wa St. Louis jimboni Missouri, wana mazoea ya kutoa kichekesho au kitendawili kabla ya kupewa kitu. Hayo ni masalia ya wazi ya utendaji wa Uskoti.

Vita vya Pili vya Dunia viliuchelewesha ushindi wa peremende. Sukari iligawanywa kwa mgao nchini Marekani kuanzia mwaka 1942 hadi 1947. Mgao ulipokwisha, vitongoji vipya vikapanuka na watoto wakawa wengi, desturi ilienea kwa kasi. Hata wakati huo takrima ilikuwa ya kila aina: biskuti za kuokwa nyumbani, bisi zilizoshikamanishwa kwa sharubati ya sukari na kufinyangwa kama mpira, tofaa, njugu, sarafu na vichezeo vidogo.

Peremende ilishinda kwa sababu za kawaida kabisa. Ni ya bei nafuu, haiozi upesi, hugawika sawasawa bila ugomvi, na haimtaki mwenye nyumba kusimama jikoni. Kampuni zilizoitengeneza ziliutangaza usiku huo kwa bidii. Fauka ya hayo, palikuwa na hofu. Kuanzia miaka ya 1960 na hasa ya 1970, ulienea uvumi kwamba watu wasiojulikana huwapa watoto tofaa zenye nyembe na vyakula vyenye sumu. Mwaka 1974 mtoto mmoja wa Texas aliuawa kwa sumu iliyotiwa katika peremende, lakini aliyepatikana na hatia alikuwa baba yake mzazi. Mwanasosholojia Joel Best, aliyezichunguza habari za magazeti kuanzia mwaka 1958 na kuchapisha matokeo yake ya kwanza mwaka 1985, hakupata hata kisa kimoja kilichothibitika cha mtoto aliyeuawa au kujeruhiwa vibaya na mtu baki kwa njia hiyo.

Hata hivyo, uvumi haungoji ushahidi. Biskuti ya jirani iliyookwa kwa mikono yake ilianza kutupwa jalalani, ilhali peremende iliyofungwa na kiwanda kisichojulikana iliaminiwa. Hapo ndipo lilipotokea badiliko kubwa katika mila hii: mkono wa jirani ulishukiwa, na karatasi ya kiwanda ikawa ndiyo dhamana. Kinachoitwa leo mila ya tangu jadi ni mazoea ambayo mababu wa watoto hawa waliyaona yakizaliwa.

Mtoto Asiyeweza Kula, Mtoto Asiyeweza Kusema

Mzio wa chakula ni hali ambapo kinga ya mwili hukiona chakula fulani kuwa adui na kukishambulia. Dalili zake zaweza kuwa vipele na muwasho, lakini pia zaweza kuwa kuvimba koo, kushuka kwa shinikizo la damu na kushindwa kupumua. Hali hiyo ya hatari huitwa anafilaksia, na tiba yake ya dharura ni sindano ya adrenalini inayodungwa bila kuchelewa. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba takriban mtoto 1 kati ya 13 ana mzio wa chakula. Sheria ya nchi hiyo inaviorodhesha vizio vikuu 9: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, njugu karanga, jamii ya korosho na lozi, ngano, soya, na ufuta, ambao uliongezwa kwa sheria ya mwaka 2021. Mwenye kuitazama orodha hiyo ataona kwamba chokoleti nyingi zina kimoja au zaidi ya vitu hivyo.

Tatizo huzidi kwa sababu ya umbo la peremende za usiku huo. Huwa ni vipande vidogo vilivyotolewa katika mfuko mkubwa. Mara nyingi orodha ya viambato huchapishwa kwenye mfuko, wala si kwenye kila kipande. Isitoshe, kipande kidogo chaweza kuwa na viambato tofauti na kile kikubwa cha jina lilo hilo. Mzazi anayeimwaga ndoo mezani usiku hana njia ya kujua. Aidha, wapo watoto wenye kisukari, na wapo ambao matumbo yao hayastahimili gluteni ya ngano. Kwa hawa wote, jioni ya furaha huishia kwa mtoto kutazama mavuno yake yakichambuliwa na kuondolewa.

Mnamo mwaka 2012, kikundi cha familia zenye watoto wa namna hii mashariki mwa jimbo la Tennessee kilianzisha ishara rahisi. Mwenye nyumba aliyekuwa na takrima isiyo chakula alipaka boga lake rangi iliyo baina ya samawati na kijani, ambayo ndiyo rangi inayotumiwa katika uhamasishaji kuhusu mzio wa chakula, na kuliweka nje ya mlango. Mwaka 2014 shirika la kitaifa la Food Allergy Research & Education liliichukua ishara hiyo na kuieneza nchini kote. Tangu hapo mtoto mwenye mzio akiliona boga hilo kutoka barabarani hujua kwamba katika nyumba ile kuna kitu chake. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Kadhalika, anayependa watoto waje mlangoni pake hana budi kuwapokea na hali zao.

Kuna mtoto mwingine ambaye anawahusu zaidi wanaoshughulika na lugha. Huyu ni yule asiyeweza kuitamka fomyula. Baadhi ya watoto wenye usonji hawasemi, au husema kwa shida mbele ya mtu wasiyemjua. Kuanzia mwaka 2018 hivi, baadhi ya wazazi wa Marekani walianza kuwapa watoto hao ndoo za samawati ili mwenye nyumba asingoje maneno. Wapo walioisifu ishara hiyo, na wapo wazazi wengine walioikataa wakisema kwamba inamtangaza mtoto kwa hali yake mbele ya mtaa mzima. Mjadala huo ni wa haki. Boga la rangi humtambulisha mwenye kutoa. Ndoo ya rangi humtambulisha mwenye kuomba. Kuna tofauti kubwa kati ya jirani anayejitangaza kuwa yuko tayari na mtoto anayelazimika kujitangaza kuwa ana upungufu. Mwenye nyumba mwenye busara hangoji ndoo ya rangi yoyote. Mtoto akinyamaza, anampa.

Nini Kitolewe, na Vipi

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni kama watoto watakubali. Jibu lake limewahi kutafutwa kwa utafiti. Mwaka 2003 ilichapishwa kazi ya watafiti Marlene Schwartz, Eunice Chen na Kelly Brownell, iliyofanywa katika nyumba 7 jimboni Connecticut. Watoto 284 wenye umri wa miaka 3 hadi 14 waliletewa sahani mbili mlangoni, moja ikiwa na peremende na nyingine ikiwa na vichezeo vidogo kama wadudu wa plastiki wanaong'aa gizani, vibandiko na penseli zenye picha za Halloween. Nusu yao walichagua vichezeo. Dhana kwamba mtoto hataki ila sukari, basi, ni ya watu wazima zaidi kuliko ya watoto wenyewe.

Takrima isiyo peremende yaweza kugawanywa katika mafungu manne. La kwanza ni vifaa vya kuandikia na kuchorea: penseli, vifutio, kalamu za rangi, chaki na vibandiko. Hivi ni vya bei ya chini na mtoto huvitumia shuleni kwa muda mrefu baada ya peremende ya mwenzake kusahaulika. La pili ni vitu vya mwanga, hasa bangili na vijiti vinavyong'aa gizani. Vina faida ya ziada, kwani mtoto akiwa navyo huonekana na madereva katika usiku ambao watoto wengi wako barabarani. La tatu ni vichezeo vidogo: vichupa vya mapovu ya sabuni, pete, buibui na popo wa plastiki, vibao vya fumbo na mipira ya kudunda. La nne ni vitu vya kusoma: vitabu vidogo, vialamisho na kadi zilizoandikwa vitendawili au hadithi fupi za kutisha. Fungu hili linapaswa kuwavutia wanafasihi. Kadi ya kitendawili humrudisha mtoto kwenye utendaji: akitoka mlango huu, anaweza kumtegea mwenye mlango unaofuata.

Hali kadhalika, lazima itajwe kwamba kisicholiwa si lazima kiwe salama. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni. Kwa sababu hiyo, sheria ya Marekani hairuhusu mipira yenye kipenyo cha milimita 44 hivi au pungufu iuzwe kwa ajili ya watoto wa umri huo. Vichezeo vyenye betri ndogo za duara ni vya hatari, maana betri ikimezwa huunguza umio kwa muda mfupi. Maputo ya mpira yanaweza kumsonga mtoto, na baadhi ya watoto wana mzio wa mpira wenyewe. Majimaji yaliyomo katika vijiti vya mwanga huwasha macho na mdomo kijiti kikipasuka. Udongo wa kuchezea, ambao wengi huudhani kuwa hauna neno, mara nyingi hutengenezwa kwa unga wa ngano, na hivyo hauwafai baadhi ya watoto waliokusudiwa kusaidiwa.

Kuhusu namna ya kutoa, mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. Mosi, takrima isiyo chakula iwekwe katika bakuli lake peke yake, isichanganywe na peremende, kwani vumbi la njugu lililoganda kwenye karatasi laweza kuhamia kwenye penseli. Pili, na hili ni kubwa zaidi, mabakuli yote mawili yafunuliwe mbele ya kila mtoto na kila mmoja aachwe achague. Mtoto mwenye mzio akiulizwa faragha, atahisi kwamba amehurumiwa. Akichagua sambamba na wenzake, atahisi kwamba amekirimiwa.

Pingamizi Tatu

Pingamizi la kwanza ni kwamba usiku mmoja wa peremende hauwezi kumdhuru mtoto mwenye afya. Pingamizi hili lina ukweli. Shirika la Afya Ulimwenguni lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayopata mtu kwa siku, nalo ni pendekezo la mazoea ya kila siku, si la sherehe moja. Takrima isiyo peremende haipaswi kutetewa kwa kuwahutubia majirani kuhusu meno. Inatosha kuitetea kwa ajili ya yule asiyeweza kula.

Pingamizi la pili ni la mazingira. Vichezeo vingi vya bei rahisi ni plastiki itakayokuwa takataka kabla ya wiki kwisha. Hili ni kweli pia, na ndiyo sababu penseli, chaki na kitabu ni bora kuliko buibui wa plastiki. Hata hivyo, karatasi zinazofunga peremende nazo ni takataka.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nalo ni la mila: kwamba sikukuu isiyo na utamu hupoteza ladha yake. Jibu lake limekwisha kutolewa na historia iliyosimuliwa hapo juu. Inafaa kuongeza mfano mmoja. Mwaka 1950 mjini Philadelphia, mchungaji Clyde Allison na mkewe Mary Emma Allison waliwaongoza watoto kupita milangoni wakiwa na makopo ya maziwa ili kuchangisha fedha za kuwasaidia watoto wa nchi nyingine. Mavuno ya kwanza yalikuwa dola 17. Tendo hilo dogo likawa kampeni ya kila mwaka ya UNICEF. Watoto wale walipiga hodi, wakatamka fomyula, wakapokea, na hawakubaki na chochote wao wenyewe. Hakuna aliyesema kwamba wameivunja Halloween.

Milango Mingine

Mtoto wa mlangoni si wa Amerika pekee. Nchini Oman, ambako Kiswahili kinazungumzwa na familia nyingi zenye nasaba ya Afrika Mashariki, watoto hupita milangoni wakiimba katika usiku wa katikati ya Ramadhani uitwao Karankasho, nao hupewa halua, njugu na sarafu. Katika pwani ya Afrika Mashariki, siku ya Idi watoto waliovaa nguo mpya huwazuru jamaa na majirani, na kila mmoja hutarajia mkono wa Idi, yaani sarafu au noti itiwayo kiganjani. Miviga hii ina imani, majira na maana tofauti, na si sahihi kuichanganya na Halloween. Inacholingana nayo ni hiki tu: katika siku fulani, mlango wa mtu mzima huwa wa watoto wote wa mtaa, na hakuna anayeondoka mikono mitupu. Mkono wa Idi unaonyesha pia kwamba furaha ya mtoto yaweza kukamilika bila kitu cha kuliwa.

Suala hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili kwa njia ya moja kwa moja zaidi. Wakenya, Wakongo, Warundi na wengine wanaoishi Marekani hugongewa milango tarehe 31 Oktoba kama majirani zao. Kwa aliyefika karibuni, kelele za watoto waliovaa mafuvu zaweza kustaajabisha. Lakini kumkaribisha anayebisha si jambo geni kwake. Asiyejua anunue peremende ipi na aache ipi anaweza kununua bunda la penseli. Kwa gharama ndogo atakuwa amemkirimu kila mtoto atakayefika, awe na mzio au asiwe nao.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba takrima ya Halloween imewahi kuwa kikate kwa ajili ya marehemu, tofaa kwa ajili ya wimbo, sarafu kwa ajili ya kichekesho, na baadaye peremende kwa ajili ya urahisi. Kitu kimebadilika mara nyingi. Mtoto, mlango na mkono unaotoa havikubadilika. Imebainishwa pia kwamba watoto hawazikatai takrima nyingine zikiletwa mbele yao kwa heshima ile ile, na kwamba usalama wa vitu hivyo unahitaji fikira kama unavyohitaji usalama wa chakula.

Watafiti wa fasihi simulizi wanahimizwa kuichunguza zaidi miviga ya watoto ya mlangoni, ikiwemo ya pwani yetu, kabla ya nyimbo na maneno yake kusahaulika. Ama kwa mwenye nyumba, wahenga walimaliza: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtoto mwenye mzio akiondoka na penseli ndooni mwake, naye atakuwa ameukuta mlango uliofunguliwa kwa ajili yake.